Jumatano Iliyopotea



Leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likadhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni namna mashine ya kuwekea hesabu na maandishi, ile iitwayo seva, inavyokufa, na namna inavyofufuliwa kwa ukanda mwembamba wa sumaku uliokuwa umelala gizani bila ya kutajwa na mtu. Nawaomba msizime redio zenu, maana siku hizi ni nadra kumpata mtu, awe tajiri au fukara, ambaye hakuweka sehemu ya maisha yake ndani ya mashine asiyoijua iliko: barua zake, picha za arusi ya bintiye, hesabu ya deni lake, hata jina lake katika daftari la hospitali. Na mwenye kuweka amana haimpasi kuona haya kuuliza inalindwaje.

Neno seva tumelipata kwa Waingereza, na maana yake ya asili ni mtumishi. Kwa hakika mtumishi huyu ni wa ajabu, kwani halali, hali, wala haombi ruhusa ya kwenda mazikoni; na siku anapokufa ndipo bwana wake hutanabahi kwamba katika nyumba nzima ni yeye tu aliyekuwa akijua kila kitu kilipowekwa.

Nianze na kisa kilichosikika dunia nzima. Jumapili ya tarehe 27 Februari mwaka 2011, baadhi ya watu wanaotumia barua pepe za Gmail, ambazo ni za kampuni ya Google ya Marekani, walifungua masanduku yao ya barua wakayakuta meupe, kana kwamba wamejiandikisha asubuhi ile ile. Barua za miaka mingi, za biashara na za mapenzi, za kheri na za tanzia, zote hazipo. Kampuni ilieleza baadaye kwamba waliopatwa na msiba huo walikuwa kiasi cha asilimia 0.02 ya watumiaji, yaani watu wawili katika kila elfu kumi. Lakini aliyefiwa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mtaani wamekufa wachache.

Na hapa pana ajabu. Barua hizo hazikuwa na nakala moja. Google walikuwa wameziweka nakala kadhaa, katika vituo mbalimbali vilivyo mbali mbali, hata kimoja kikiungua moto kingine kishike kazi kwa chembe ya sekunde, naye mwenye kusoma barua yake asijue kwamba kuna kilichotokea. Basi nakala zote ziliwezaje kupotea kwa pamoja? Jawabu lake ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Programu mpya ya kuhifadhia barua ilikuwa ikisambazwa, na ndani yake mlijificha kasoro. Na kwa kuwa nakala zile zote zilikuwa macho, zimeungana kwa nyaya, zikitii amri moja kwa wakati mmoja, kasoro hiyo moja ilizifikia hata zile za mbali. Mtu aliyepakwa masizi usoni akijitazama katika vioo mia, vyote mia vitamwonyesha masizi. Hapana hata kioo kimoja kitakachomkumbusha uso wake wa asubuhi.

Kilichowaokoa watu wale kilikuwa ukanda wa sumaku. Kwa tahadhari Google walikuwa na ada ya kuandika barua hizo katika kanda pia, kisha kuziondoa kanda hizo katika mashine na kuziweka kando, zisishikane na waya wowote. Amri yenye kasoro ilipopita ikifuta, kanda zilikuwa zimelala rafuni, hazisikii amri. Ubaya wake ulikuwa ni mwendo tu, kwani kampuni yenyewe ilikiri kwamba kurejesha kutoka kwenye kanda huchukua saa nyingi, ilhali kuhamia kituo kingine ni kufumba na kufumbua. Lakini kule kufumba na kufumbua ndiko kulikokwisha kushindwa, na kile cha kujikokota ndicho kilichowasili na mzigo.

Sisi watu wa redio hatuna budi kuuonea fahari ukanda huu, kwa kuwa tuna undugu nao. Fundi wa Dresden, kwa jina Fritz Pfleumer, aliyekuwa na ujuzi wa kupaka mistari ya madini kwenye karatasi za sigara, ndiye aliyefikiri kwamba kama madini yaweza kushikamana na karatasi, basi unga wa chuma nao utashikamana, na sauti yaweza kuandikwa juu yake kwa sumaku. Na mwaka 1928 akajipatia hataza ya uvumbuzi huo. Mwaka 1935 mashine ya kunasia sauti iliyotokana na fikira hiyo, Magnetophon, ilionyeshwa katika maonyesho ya redio mjini Berlin; na baada ya vita kuu ya pili ilivuka bahari hadi Marekani, ambako mwimbaji Bing Crosby alikuwa wa mwanzo, mwaka 1947, kuvitia vipindi vyake vya redio katika kanda badala ya kuimba moja kwa moja hewani. Miaka michache ikapita, na mafundi wa hesabu wakatambua kwamba sumaku haibagui wimbo na namba. Mwaka 1951 kompyuta ya UNIVAC ilitumia kanda za madini, na mwaka 1952 kampuni ya IBM ikaleta zake za plastiki. Tangu hapo mashine zimebadilika mara nyingi kuliko mitindo ya mavazi, na ukanda ungali upo.

Unaotumika sana siku hizi huitwa LTO. Ni kaseti ya kutosha kiganjani, ambayo ndani yake mmezungushwa ukanda wa upana wa nusu inchi. Kizazi cha kwanza, kilichotoka mwaka 2000, kilibeba gigabaiti 100. Kizazi cha tisa, kilichotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18, yaani mara 180 ya kile cha kwanza, na ukanda wake ukinyoshwa hupita kilomita moja. Nasema kizazi kwa kuwa ndivyo waundaji wenyewe wanavyohesabu, na neno hilo lishikeni, maana tutalirudia.

Sasa niruhusuni nishuke kutoka kwenye makuu ya dunia niingie katika chumba kimoja kidogo. Mwaka 2013 nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya wakala wa mizigo, katika mji mmoja wa bandari wa mwambao wetu, ambayo sitaitaja kwa sababu makosa nitakayoyasimulia yalikuwa yetu sote. Seva yetu ilikaa katika stoo, chini ya kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo, na ndani yake mlikuwa na diski mbili pacha: kila kilichoandikwa katika moja kiliandikwa wakati huo huo katika ya pili. Bwana mkubwa wetu alikuwa akijisifu mbele ya wageni kwamba hesabu zake zina nakala mbili, nasi kwa akili ya siku hizo hatukuona la kumpinga.

Fauka ya pacha hao, ilikuwapo mashine ya kanda, ya kizazi cha tatu, ambayo fundi aliyeifunga alituachia nayo utaratibu. Kila Ijumaa usiku iliandikwa nakala kamili ya kila kitu. Na usiku wa Jumamosi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi ziliandikwa nakala za nyongeza, yaani yale tu yaliyobadilika tangu usiku uliotangulia. Kanda za nyongeza zilikaa katika saraka ya meza yangu. Ule wa Ijumaa, kwa agizo la fundi, haukuruhusiwa kulala ofisini, na kazi ya kuuondoa alipewa tarishi wetu, mzee wa makamo ya babu zetu, ambaye kila Jumamosi asubuhi aliutia katika mkebe wa biskuti, akaufunga kwa kitambaa, akaenda nao kwake. Vijana wa ofisi wakimwona na mkebe wake walimtania: "Mzee wetu, leo tena huwakaribishi?" Naye akijibu bila kugeuka: "Biskuti hizi, wanangu, zina siku yake."

Siku yake ikawa Alhamisi moja ya masika. Alfajiri umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena. Na tulipofungua mlango wa stoo tulilakiwa na harufu ya waya uliochomeka. Pacha wale wawili walikuwa wamekufa kwa pigo moja, kama walivyozaliwa, na mashine ya kanda imekufa ubavuni mwao. Hapo ndipo tulipoelewa, kwa gharama, jambo ambalo Google nao walikuwa wamelielewa miaka miwili kabla yetu: vitu viwili vilivyofungwa kwenye kamba moja, kimoja kikitumbukia kisimani, cha pili hakina shauri.

Mzee alitumwa nyumbani akarudi na mkebe. Seva mpya ilinunuliwa kwa haraka, na mashine mpya ya kanda pamoja nayo, ya kizazi cha sita, nzuri, inameta. Fundi kijana akautia ukanda wa Ijumaa. Mashine ikavuma kidogo, ikautema. Akautia tena, ikautema tena. Kumbe mashine hizi, wasikilizaji wangu, zina hukumu yake katika mambo ya nasaba. Mashine ya kizazi cha sita husoma kanda za kizazi chake, na za kizazi cha tano ambacho ni baba yake, na za cha nne ambacho ni babu yake. Lakini cha tatu, ambacho ni baba wa babu, haikijui wala haikisomi. Kijana akasema kwa masikitiko, "Mzee wangu, ukanda wako huu ni wa zamani mno." Mzee akamtazama. "Zamani gani, mwanangu? Huu nimeuchukua Jumamosi iliyopita."

Mnaona, basi, kwamba maandishi yalikuwa salama, na macho ya kuyasomea ndiyo yaliyokosekana. Watu wengi hufa na kiu hapa: huhifadhi kanda wakasahau kuhifadhi mashine ya kuzisomea, kama mtu aliyerithi barua za babu yake zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika nyumba nzima hapana aliyesoma chuoni. Tulibisha milango siku mbili, hata tukaazimwa mashine ya kizazi cha tano, ambayo ndiyo ya mwisho katika ukoo ule kumtambua wa tatu.

Dhiki ya pili ilikuwa ya daftari. Programu inayoandika kanda huweka faharasa inayosema faili fulani limo katika ukanda fulani, pahali fulani; na faharasa hiyo sisi tuliiweka wapi? Ndani ya seva ile ile iliyoungua. Ikawa hapana budi kuusoma ukanda wote toka mwanzo hadi mwisho ili faharasa iandikwe upya, kabla hatujarejesha hata ankara moja. Na ukanda si kitabu, ambacho waweza kufungua ukurasa wa mia kwa kidole. Kichwa cha mashine husoma mistari kumi na sita kwa pamoja, ukanda unakwenda hadi ncha yake, unageuka, unarudi, na kwa kizazi cha tatu safari hizo, kila kwenda moja na kila kurudi moja, ni 44 kabla ukanda uliojaa haujamalizika. Umebeba gigabaiti 400, na mashine ya kizazi chake husoma megabaiti 80 kwa sekunde kwa mwendo wake bora. Pigeni hesabu, mtaona ni karibu saa moja na nusu. Tuliketi tukausikiliza ukienda na kurudi mithili ya mfumaji kwenye kitanda chake cha mfumi, na hapakuwa na mwenye kusema neno. Bwana mkubwa, ambaye maishani sikupata kumwona akingoja kitu, alileta kiti akangoja.

Ndipo ikaja kazi yenyewe ya kurejesha, nayo ina tartibu isiyopinduliwa. Kwanza Ijumaa, ambayo ni msingi, kisha Jumamosi juu yake, kisha Jumatatu, kisha Jumanne. Ukitanguliza Jumanne ukafuatisha Jumatatu, la zamani litalala juu ya jipya, na mteja aliyelipa deni lake Jumanne utamkuta anadaiwa tena kama hakutia mguu ofisini. Tulikwenda hatua kwa hatua, na kila siku ilipokamilika tulichukua hesabu chache tukazilinganisha na karatasi, zikawa sawa. Jumanne ilipomalizika watu walianza kupeana mikono. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na mkebe wake mtupu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na Jumatano?"

Ukanda wa Jumatano ulikuwa mtupu. Jumatano jioni mashine ilidai kusafishwa kichwa, kama inavyodai mara kwa mara katika hewa yetu ya chumvi na vumbi. Fundi akatia kaseti ya kusafishia, kazi ikaisha, mashine ikaisukuma nje, na hapo ikabaki mdomoni hadi asubuhi, na ukanda wa kuandikia ukabaki juu ya meza. Usiku seva ilipotaka kuandika haikukuta pa kuandikia. Haikunyamaza, iliandika malalamiko yake, kwa tarehe na saa, katika orodha ya habari ambayo hapana mtu miongoni mwetu aliyekuwa na desturi ya kuisoma.

Nikomee hapa kidogo katika kisa, niseme lile linalonikaa moyoni. Katika lugha yetu neno kuhifadhi lina maana mbili, kuweka kitu kisipotee na kukitia moyoni kwa kukariri, na wazee wetu wa chuoni walizijua zote mbili. Mwalimu akitaka kujua kama mwanafunzi amehifadhi, haulizi amekaa chuoni miaka mingapi, wala hahesabu kurasa za juzuu yake. Humshika katikati ya sura, pahali asipopatazamia, akamwambia: endelea. Akiendelea, amehifadhi, akikwama, hata awe na msahafu uliotiwa jalada la ngozi na kufukizwa udi, hakuhifadhi. Sisi tulikuwa tukizihesabu kanda zetu kila mwezi na kuandika idadi yake katika kitabu, lakini katika miaka yote ile hatukuushika hata mmoja katikati tukauambia endelea. Lau tungefanya hivyo mara moja kwa mwaka, tungejua habari ya faharasa, na tungejua habari ya vizazi, bila ya kusubiri zitufundishe siku ya msiba. Wahenga husema akiba haiozi. Huenda walikuwa wakisema juu ya wema, kwa sababu ukanda huoza, kwa joto, kwa unyevu, na kwa kusahauliwa. Waundaji wake husema waweza kudumu hata miaka 30, lakini ni kwa sharti la kuwekwa pakavu na pa baridi, na mwambao wetu hauna ahadi na mtu katika hayo mawili.

Na wala msidhani kwamba upungufu kama wetu ni wa ofisi ndogo tu. Mwezi Machi mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kisa cha barua, Google walipatwa na kingine katika huduma yao ya muziki. Programu iliyoundwa kufuta nyimbo zisizotakiwa iliwazidi mbio, ikafuta na zilizotakiwa: kiasi cha nyimbo 600,000, za watu 21,000. Safari hii walihitaji kanda zaidi ya 5,000, ambazo zililetwa kwa magari kutoka zilikowekwa mbali, na katika vituo vyao vya fahari, vyenye mikono ya chuma ya kupachika kanda, iligunduliwa kwamba watu wakizitia kwa mikono yao huwahi zaidi kuliko roboti. Katika kanda zile zote, 17 zilikutwa mbovu. Walakini hawakutaharuki, kwani tokea mwanzo walikwisha kukadiria kwamba baadhi zitaharibika, wakaandika kwa namna ambayo ulioharibika hufidiwa na wenzake. Huo ndio uhifadhi wa mtu aliyekwisha kujaribu kurejesha, anayejua ni wapi mguu huteleza.

Hata hivyo, nyimbo walizozikuta katika kanda zilikuwa 436,000 na ushei. Nyimbo kama 161,000 zilikuwa zimefutwa kabla hazijawahi kuandikwa katika ukanda wowote. Nao, kwa maneno mengine, walikuwa na Jumatano yao. Walifanyaje? Walirudi kwenye asili. Nyingi zilikuwa nyimbo za duka lao wenyewe, na asili zake zilikuwapo dukani. Na zile chache ambazo watu walizipandisha wenyewe, waliziomba tena kutoka katika kompyuta za watu hao hao.

Mwaka 2013 sisi hatukuwa tumesikia habari hiyo, lakini dhiki ina mwalimu mmoja kila pahali. Mzee wetu tarishi ndiye aliyesema kwamba Jumatano haikupotea, ila imetawanyika. Akaenda kwenye kabati la chini akatoa vitabu vya stakabadhi, vile vya kaboni, ambavyo kijana mmoja alikuwa amependekeza mara mbili viachwe kwa kuwa ni vya kizamani. Na Jumapili kutwa, makarani watatu tuliketi, mmoja akisoma vishina, mmoja akiandika, mmoja akikagua, tukaijenga Jumatano mstari kwa mstari kuanzia saa mbili za asubuhi. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa: makontena mawili ya saruji, gari moja kuukuu, malalamiko ya ushuru, mteja aliyelipa nusu. Sikupata kabla ya hapo wala baada yake kuisoma siku kwa makini namna ile.

Ilipofika jioni jumla ya fedha za Jumatano katika vitabu haikulingana na fedha zilizokuwa ndani ya sanduku la chuma. Sanduku lilizidi. Mtu alikuwa amelipa, na kishina chake hakipo; ukurasa ulichanika, au karani alikosa kuupachika kaboni, Mungu ndiye ajuaye. Tulitafuta hadi magharibi, tukaacha.

Kanda zilipewa amri mpya baada ya hapo. Kila mwezi, siku isiyotangazwa, bwana mkubwa alichagua ukanda mmoja kwa mkono wake, akataja faili moja, akaketi kwenye kile kiti chake kungoja lirejeshwe mbele ya macho yake. Faharasa ikawa inachapwa na kwenda nyumbani kwa mzee, ndani ya mkebe, pamoja na ukanda wa Ijumaa. Na malalamiko ya seva yakawa yanasomwa kila asubuhi kabla ya chai. Hapakuwa na aliyemtania mzee tena.

Ama ile Jumatano, tuliifunga kwa tofauti ile ya fedha, na kando yake tukatia alama ya kuuliza. Yalipopita majuma matatu, aliingia mtu mmoja mwenye mashua, ambaye hakujua lolote juu ya seva wala kanda, amekuja kulipa kwa safari nyingine. Kabla ya kuhesabu fedha zake alitia mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa jasho, akaiweka mezani ili aonyeshe kwamba ile ya kwanza alikwisha kulipa. Ilikuwa stakabadhi yetu, ya Jumatano, ya kiasi kile kile kilichozidi katika sanduku. Niliinakili, nikafuta alama ya kuuliza, nikamrudishia karatasi yake. Naye akaikunja tena mara nne, akairejesha mfukoni.